Niache picha za kisanaa niende kwenye picha za habari?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sanaa za ufundi, na upigaji picha ndiyo fani niliyoichagua. Kazi zangu mpaka sasa ni za kupanga: nawafunga wenzangu kanga, nawasimamisha kwenye magofu ya Kaole, nasubiri jua la jioni. Masika iliyopita nilikwenda bonde la Jangwani, Dar es Salaam, kupiga picha za maji ya mafuriko tu, maumbo yake na mwanga wake, nikajikuta nawapiga picha watu waliokuwa wanahamisha vyombo. Tangu siku ile magofu hayanivutii tena, nataka kuwa mpigapicha wa habari. Mhadhiri wangu anasema nitaliharibu jicho langu. Mpigapicha mmoja wa gazeti naye kaniambia picha zangu ni nzuri mno, hazina habari. Nimekutumia tano. Ile ya mama mwenye godoro nilimwomba arudi avuke tena kwa sababu jua lilikuwa limefunikwa na wingu, na nikafuta chupa iliyokuwa inaelea pembeni. Nianzie wapi, na niache nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha zako nimezifungua kwenye skrini kubwa nikazikagua pembe kwa pembe, kama ninavyomkagulia mpigapicha yeyote anayeniletea kazi mezani. Nitaanza na hiyo ya godoro, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lako imo humo.

Mama amejitwika godoro na maji yamemfika kiunoni. Nyuma yake kuna ukuta wa matofali wenye mstari wa tope, unaoonyesha kwamba maji yalikuwa juu zaidi kabla hayajaanza kupungua. Kushoto kuna mtoto ameshika ndoo ya rangi ya chungwa, na ndoo ile ndiyo rangi kali pekee kwenye fremu nzima. Mwanga unatoka kulia na umekaa vizuri usoni mwa mama, ingawa ngozi yake ni nyeusi na anga nyuma ni jeupe, jambo linalowashinda wengi wanaopiga mafuriko kwa haraka. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa kutazama. Aliyekuambia picha zako ni nzuri mno hakukutendea haki, maana uzuri haujawahi kuiangusha picha ya habari. Kinachoiangusha hii yako kiko nje ya fremu. Faili umeliita "Maji III". Hakuna tarehe, hakuna mtaa, hakuna jina la mtu. Na umeniambia mwenyewe, kwa uaminifu ninaoushukuru sana, habari ya kumrudisha mama na habari ya chupa.

Kwa kazi ya darasani yote hayo ni ruksa. Kwenye chumba cha habari, kumrudisha mama au kufuta chupa, lolote kati ya hayo mawili linaizuia picha isichapishwe, na picha isiyo na maelezo itakaa kwenye kompyuta mpaka maelezo yapatikane.

Sababu yenyewe ni hii. Unapomfunga mwenzako kanga pale Kaole, chanzo cha picha ni wewe. Ukisema picha inahusu upweke, hakuna wa kukubishia. Picha ya habari chanzo chake ni tukio, na tukio lina wenyewe: yule mama, majirani zake, dereva wa daladala aliyekwama upande wa pili wa daraja. Wao walikuwepo. Wakikuta gazetini kitu ambacho hakikutokea watajua, na siku nyingine utakapokuja na kamera watakugeuzia mgongo. Kwa hiyo jicho lako endelea nalo lilivyo. Utakachobadilisha ni namna unavyohusiana na kilicho mbele ya lenzi: ulizoea kukipanga, sasa itabidi ukiulize.

Hofu ya mhadhiri wako naielewa, na naona anakupenda, lakini historia ya kazi hii haiungi mkono hofu yake. Henri Cartier-Bresson alisomea uchoraji kwa André Lhote huko Paris kabla hajashika kamera kwa dhati. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliiona picha ya Martin Munkácsi, ile inayojulikana kama ya wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika, wanakimbilia majini wakiwa uchi, wamepigwa kwa nyuma, na mapovu ya wimbi yanawaka miguuni mwao. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba picha ile ndiyo iliyomfanya atoke na kamera barabarani. Mwaka 1947 alikuwa mmoja wa walioanzisha Magnum, shirika la wapigapicha, pamoja na Robert Capa, David Seymour na George Rodger. Mizani ya maumbo aliyofundishwa darasani aliitumia kupigia mazishi ya Gandhi na miezi ya mwisho ya vita vya wenyewe kwa wenyewe China. Uzeeni akarudi kwenye kuchora kwa penseli. Jicho lilikuwa lilelile.

Karibu zaidi na sisi yuko Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi, ambaye nasikitika kwamba vijana wengi wa fani hii hawamjui. Alikwenda Los Angeles kusoma kwenye chuo cha sanaa, akarudi na kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupata kazi za magazeti makubwa ya Marekani ya Life na Time. Alipiga Kenya ikipata uhuru, akapiga migogoro ya bara zima, na mwaka 1968 akauawa kwa risasi akiwa kwenye vita vya Biafra, Nigeria. Picha zake nyingi zilikaa stoo Nairobi kwa miongo kadhaa kabla hazijatolewa nje. Zitafute uzitazame taratibu. Utaona mtu anayejua kabisa pa kuweka mstari wa upeo na pa kuacha nafasi tupu, na bado kila picha inakuambia nani yuko wapi anafanya nini.

Ila wa kumsoma kuliko wote, kwa hali yako, ni Dorothea Lange, kwa sababu njia yake inafanana na yako na kwa sababu kwenye picha yake moja maarufu yamo mambo yaleyale ninayokuonya. Mwaka 1919 alifungua studio San Francisco, akawa anawapiga picha matajiri wa mji ule: mwanga laini, pazia, mikao ya kupendeza. Ulipokuja mdororo mkubwa wa uchumi akaanza kuona watu wasio na kazi wanapita chini ya dirisha la studio, akashuka na kamera. Mwaka 1933 akapiga foleni ya wanaume wanaosubiri chakula cha msaada, mmoja ameipa foleni mgongo, kofia imemfunika macho, mkebe umekaa kati ya mikono yake. Baadaye akaajiriwa na Serikali ya Marekani kupiga maisha ya wakulima waliohama, na Machi 1936, kwenye kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, akampiga picha mama na watoto wake ndani ya hema. Picha hiyo unaijua hata kama hujui unaijua: mama ameshika shavu, watoto wawili wamegeuza nyuso nyuma ya mabega yake, kichanga kimelala mapajani.

Sasa tazama kilichotokea nje ya fremu. Lange hakumuuliza mama yule jina. Picha ilipotoka gazetini chakula cha msaada kilipelekwa kambini, lakini familia ile ilikuwa imeshaondoka. Kwa zaidi ya miaka 40 dunia ilimwita mama wa wahamiaji tu, na ni mwaka 1978 ndipo alipojulikana kuwa anaitwa Florence Owens Thompson. Alikuwa na asili ya Wacherokee, watu wa asili wa Marekani, wakati miaka yote hiyo watazamaji walimchukulia kuwa mkulima Mzungu. Baadhi ya mambo yaliyoandikwa kwenye maelezo, kama kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari ili wapate kula, aliyakana. Na alilalamika kwamba picha ilizunguka dunia nzima bila yeye kupata hata senti. Kana kwamba hayo hayatoshi, mwaka 1939 Lange aliagiza kidole gumba kilichokuwa kimeshika nguzo ya hema, pale chini pembeni, kifutwe kwenye negativu kwa sababu kilimkera. Hata wakati ule walikuwepo waliochukia kitendo hicho. Kidole cha Lange na chupa yako ni jambo moja.

Sikuelezi haya kumshusha Lange. Picha ile ilifanya kazi kubwa na itaendelea kufanya. Nakueleza ili uone kwamba mtu anaweza kuvuka kutoka studio hadi barabarani kwa jicho na kwa moyo, na bado daftari likabaki studio. Wanafunzi wa sanaa wanaokuja kwangu wengi wamekwama papo hapo. Wananiletea picha ambayo ningeipa ukurasa wa mbele bila kusita, nikiuliza huyu ni nani wananiambia, "Ni mama mmoja tu."

Kwa hiyo nunua daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu mbili, maana moja itaingia maji. Ukishapiga, msogelee mtu. Msalimie kwanza. Huku kwetu mtu hahojiwi kabla ya salamu, na mtu mzima anapewa shikamoo hata kama amesimama kwenye maji. Jitambulishe, mwambie picha ni ya nini, kisha muulize jina lake kamili na umwombe akuandikie mwenyewe. Aisha, Aysha na Asha ni watu watatu tofauti, na atakayekuta jina lake limekosewa gazetini hatakusamehe upesi. Uliza umri, shughuli, mtaa. Uliza amelitoa wapi godoro na analipeleka wapi. Swali hilo la mwisho ndilo lenye habari: pengine anahama moja kwa moja, pengine analipandisha kwa jirani mpaka kesho, pengine hii ni masika ya tatu mfululizo anavuka hivyo hivyo. Picha ni ileile, habari ni tatu.

Maelezo ya picha yako yakikamilika yatakuwa na sura hii: "Mkazi wa Jangwani jijini Dar es Salaam (hapa jina), akivuka maji jana akiwa amebeba godoro kulipeleka kwa jirani, baada ya Mto Msimbazi kufurika kufuatia mvua zilizonyesha usiku kucha." Sentensi moja imejibu nani, wapi, lini, anafanya nini na kwa nini. Sentensi ya pili, kama ipo nafasi, ibebe historia: nyumba ngapi zimeingiliwa na maji kwa mujibu wa nani, watu wamehifadhiwa wapi. Usiandike "mama mwenye huzuni". Huzuni msomaji ataiona mwenyewe kama ipo, na kama haipo utakuwa umempachika mtu usichokijua. Andika maelezo siku hiyohiyo, uyaingize ndani ya faili la picha lenyewe kwa programu ya kuhariria, ili picha ikisafiri isiachane nayo.

Kuhusu kumrudisha mama avuke tena: usirudie. Alishavuka. Mara ya pili alikuwa anavuka kwa ajili yako, kwenye maji yenye mashimo usiyoyaona, na uso wake mara ya pili ulikuwa wa mtu anayepigwa picha. Jua likifunikwa na wingu, piga na wingu lako. Mafuriko ndivyo yalivyo. Kama unahitaji mtu mwingine anayevuka, subiri. Pale Jangwani siku ile hawakukosekana.

Lipo eneo moja ambalo kupanga kunakubalika, nalo ni picha ya mtu aliyekaa akijua anapigwa, yaani picha ya mahojiano. Hapo unaweza kumwambia asogee dirishani, ageuke, akunje mikono, kwa sababu msomaji anaona wazi kwamba mtu huyu amekaa kwa ajili ya picha. Ujuzi wako wa Kaole utakulisha hapo. Picha za wahusika wa makala, wanasiasa, wanamichezo, mama lishe aliyeshinda kesi ya ardhi, wapigapicha wengi wa habari wanazipiga ukutani kama za pasipoti. Wewe utawashinda mapema.

Na kuhusu chupa. Mwaka 2014 shirika la habari la Associated Press lilikata uhusiano na mpigapicha Narciso Contreras, mmoja wa timu yao iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliotangulia kwa picha za vita vya Syria. Kosa lake? Kwenye picha moja ya mpiganaji alifuta kamera ya video ya mwenzake iliyoonekana chini pembeni. Haikubadilisha lolote kuhusu vita, na ni yeye mwenyewe aliyewaambia wahariri wake. Walipekua picha zake nyingine, hawakukuta iliyoguswa, na bado wakaachana naye na kuziondoa kazi zake kwenye hifadhi yao ya umma. Wengi waliona adhabu ni kali. Mimi naona walikuwa sahihi, kwa sababu mhariri hana namna ya kumweleza msomaji kwamba tunafuta vitu vidogo tu. Kidogo cha leo ni chupa, cha kesho ni kirungu mkononi mwa askari.

Kinachoruhusiwa ni kile kilichokuwa kinafanyika kwenye chumba cha giza enzi za filamu: kukata kingo, kurekebisha mwanga na rangi mpaka zifanane na ulichokiona, kuondoa doa la vumbi lililo kwenye kihisi cha kamera. Kuongeza weusi wa mawingu mpaka mvua ya kawaida ionekane kiama haimo. Novemba 2015 shirika la Reuters lilifika hatua ya kuwaambia wapigapicha wa kujitegemea wasiwatumie tena picha zilizotengenezwa kutoka faili ghafi, yaani data ya kamera ambayo haijachakatwa, watume zile zilizotoka kwenye kamera zikiwa tayari ni JPEG, faili la picha iliyokamilika. Mwaka huohuo waandaaji wa shindano la picha za habari la World Press Photo walitangaza kwamba karibu asilimia 20 ya kazi zilizofika raundi ya kabla ya mwisho ziliondolewa kwa sababu ya kuhaririwa kupita kiasi. Wewe umezoea kukaa na picha moja kwenye Photoshop usiku kucha, kwa hiyo jizoeshe kuimaliza kwa dakika chache, na faili la asili usilifute kamwe. Siku ukibishiwa, hilo ndilo shahidi wako.

Mazoezi sasa. Nisingekushauri usubiri mafuriko mengine. Nenda kwenye mechi za mchangani kila wikiendi. Mpira utakufundisha kitu ambacho magofu hayawezi, nacho ni kukisia kitakachotokea: ukiliona goli kwa macho kabla ya kubonyeza, umeshalikosa. Pandisha spidi ya shata mpaka 1/1000 ya sekunde, kaa nyuma ya goli, na kipenga kikilia geuza lenzi kwa mashabiki na benchi, maana nusu ya habari ya mpira iko huko. Nenda soko la samaki la Feri alfajiri, wakati wa mnada, ujifunze kupiga watu wenye haraka ambao hawana muda na wewe. Saa sita mchana, ambayo ninyi watu wa sanaa huwa mmejificha kivulini, ndiyo saa ya mikutano ya hadhara, maandamano na ajali. Jua liko utosini, kofia zinatia kiza machoni. Pima mwanga usoni, anga liache liungue, yaani liwe jeupe tupu, na usione haya kutumia flashi mchana ili kufungua kivuli. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, kamera ikiachiwa yenyewe itaiokoa kanzu na kumpoteza mtu.

Kila unapopiga, rudi na picha za umbali wa aina tatu: pana inayoonyesha mahali, ya kati inayoonyesha watu na wanachofanya, na ya karibu, mikono, viatu, risiti iliyolowa. Katika tano zako zote ni za kati, na zinafanana kwa umbali kwa sababu umezoea mfululizo wa ukutani. Mhariri anataka kujenga ukurasa, na ukurasa unahitaji picha zinazopishana.

Ujue pia kwamba miezi ya mwanzo kazini hutapewa mafuriko. Utapewa "Mkurugenzi (kulia) akikabidhi mfano wa hundi". Usidharau. Piga makabidhiano yenyewe vizuri, kwa sababu ndiyo uliyotumwa, majina yote na vyeo vyote kuanzia kushoto, kisha tembea ukumbini. Wazee waliosubiri tangu asubuhi viti vya nyuma, mwanafunzi aliyesinzia juu ya zawadi yake, hapo jicho lako la sanaa linapata riziki yake. Na hapohapo ndipo utakapokutana na bahasha. Watu wataiita nauli, posho au mshiko. Ukiipokea, picha yako ya kesho itakuwa na mwenyewe, na kuikataa mara ya kwanza ni rahisi kuliko kuikataa mara ya tano. Chumba chako cha habari kikugharamie usafiri, na kama hakiwezi, zungumza na mhariri wako waziwazi.

Kwa kuwa bado ni mwanafunzi, usijitambulishe popote kama mwandishi wa habari. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa ithibati, yaani kutambuliwa rasmi, kwa anayefanya kazi hii Tanzania, kwa hiyo ulizia mapema masharti yake, hasa upande wa elimu, maana shahada ya sanaa pekee inaweza isikutoshe na pengine ikabidi uongeze masomo ya uandishi. Kwa sasa tembea na barua ya chuo na kitambulisho, na ukifika mtaani anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akishakujua, watu wakikuuliza "umetumwa na nani?" unalo jibu. Maeneo ya jeshi, bandari na viwanja vya ndege usinyanyue kamera bila kibali. Kwenye mafuriko usiingie peke yako: chini ya maji yale kuna chemba zisizo na mifuniko na nyaya zenye umeme. Mwambie mtu uko wapi na utatoka saa ngapi. Kwenye vurugu, jua njia ya kutokea kabla hujapiga picha ya kwanza, na usisimame kati ya polisi na watu.

Hadhi ya mtu unayempiga ni suala zito zaidi, nami nalipa uzito kuliko yote ya kiufundi. Januari 2019, baada ya shambulio la hoteli ya dusitD2 Nairobi, gazeti la New York Times lilichapisha picha iliyoonyesha miili ya waliouawa wakiwa mezani. Wakenya walikasirika, wakauliza kama gazeti hilo lingewaonyesha hivyo raia wa kwao wakati ndugu bado hawajapewa taarifa, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likataka picha iondolewe. Ukweli wa picha haukuwa na ubishi. Swali lilikuwa ndugu wa marehemu. Kwa hiyo kabla hujatuma, jiulize kama mtu huyu angekuwa shangazi yako ungetaka mtaa umwone hivi. Wakati mwingine jibu litakuwa ndiyo, kwa sababu kuficha kungekuwa kumsaidia aliyemuua. Mara nyingi kuna picha nyingine uliyopiga dakika ileile inayosema yaleyale bila kumvua mtu nguo. Yule mtoto mwenye ndoo, kwa mfano, ulizungumza na mzazi wake? Mimi kabla ya kumchapisha ningetaka kujua.

Kuhusu kipato sitakudanganya. Magazeti ya hapa hulipa kidogo kwa picha za wasio waajiriwa, na wengi wanajazia kwa harusi, kazi za mashirika na picha za ripoti. Hakuna aibu hapo ilimradi huchanganyi: picha uliyolipwa na mradi kuusifia mradi usiilete kwangu kama habari. Linda hakimiliki yako tangu sasa. Soma unachotia saini, na ujue tofauti ya kuuza haki ya kutumia picha mara moja na kuiachia picha yenyewe. Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix hapahapa Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 20, alikuwa mpigapicha na mfanyabiashara tangu siku ya kwanza. Hesabu hizo ndizo zilizomwezesha miaka 21 baadaye kuwa na gari, vifaa na uhusiano wa kumfikisha Korem, Ethiopia, akatoka na picha za njaa zilizoitikisa dunia Oktoba 1984.

Umeniuliza uache nini. Acha majina kama "Maji III", acha kuwarudisha watu, acha brashi ya kufutia. Kanga na magofu usiviache. Endelea na kazi hiyo kwa jina lake la sanaa, uiweke kwenye jalada lake, na kazi ya habari kwenye jalada lingine, mtazamaji asije akachanganya. Utakapomwendea mhariri mpelekee kazi mbili au tatu kamili za habari, kila moja na picha nane hivi na maelezo yake. Picha 40 nzuri zisizohusiana zitamfanya aseme kama yule wa kwanza.

Kuhusu onyesho la mwaka wa mwisho, ambalo nadhani ndilo linalomtia mhadhiri wako wasiwasi zaidi: picha za habari zinaweza kutundikwa ukutani bila kuvunja sheria yoyote ya sanaa. Boniface Mwangi alizipiga vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 akiwa mpigapicha wa gazeti, kisha kupitia Picha Mtaani, mradi wa maonyesho ya mitaani, akazichapa kubwa na kuzizungusha mijini, zikasimama barabarani ambako wapita njia waliziona, wengine wakalia, wengine wakabishana mbele yake. Mwombe mhadhiri wako akuruhusu kufanya onyesho la namna hiyo kuhusu bonde la Msimbazi, kuanzia kiangazi hiki hadi masika ijayo, ili maji yakija yakukute tayari unawajua watu kwa majina. Chapa maelezo ya kila picha kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama, yakae chini ya picha yenyewe na si kwenye karatasi mlangoni. Na siku ya ufunguzi waalike waliomo ndani ya picha, uwalipie nauli ya daladala, wakae viti vya mbele.